Bangili Chini ya Mti wa Mahua

Jogoo wa Shemeji Mkubwa ndiye aliyekuwa saa ya nyumba ile. Aliitwa Jemadari, jogoo wa kupiganishwa, mwekundu shingoni, mshindi mara nne katika gulio la Jumatano. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa ila mwenyewe, na mwenyewe alimlisha dengu kwa mkono wake hata siku ambazo watu wa nyumbani walishindia uji. Jemadari akiwika, nje bado giza, Phagni alikuwa akiamka, anauvuta ushungi mpaka kidevuni, anatafuta kikapu. Msimu wa mahua haumbembelezi mtu. Maua huanguka kabla ya kupambazuka, manono, yamejaa sukari, na anayechelewa huambulia mabaki ya ng'ombe, ya kulungu na ya Babu.

Babu ndiye dubu. Pale kijijini Amadand hakuna amtajaye kwa jina lake akiwa msituni, kwa sababu anayeitwa huitika.

Asubuhi hiyo walikwenda wawili tu. Mama mkwe alibaki kwenye mti wa karibu na kisima, magoti yalikuwa yamemgomea. Sukwaro, mke wa Shemeji Mkubwa, alikuwa kitandani na homa. Mume wa Phagni, mdogo wake Shemeji Mkubwa, alikuwa mbali, huko kwenye tanuri za matofali, mwezi wa tano tangu aondoke. Basi Shemeji Mkubwa akatangulia na tochi, na Phagni akamfuata hatua ishirini nyuma, kimya, akikanyaga pale penye vumbi ili majani makavu yasipige kelele.

Kwa Wagondi wa pale, mke wa mdogo mtu hamsemeshi kaka wa mumewe. Hamgusi, hamwonyeshi uso, na jina lake halimpiti mdomoni hata nyumba ikiungua. Kaka mtu naye hageuki kumtazama. Shemeji Mkubwa angekuwa na mtoto, angalau angeitwa Baba Fulani mambo yakaisha, lakini miaka tisa ya ndoa haikuwaletea yeye na Sukwaro mtoto. Kwa hiyo Phagni hakuwa na neno hata moja la kumwitia mtu yule. Mwaka mzima walikuwa wameishi ua mmoja hivyo, na hakuna aliyeona tatizo.

Kwao Phagni, ng'ambo ya mlima, wasichana walikwenda kwenye mahua wakiimba na kugonga madebe. "Babu, pisha njia, wajukuu tuna njaa." Wimbo wenyewe ulikuwa na beti za matusi pia, ambazo mama zao walijifanya hawazisikii. Siku tatu kabla ya asubuhi hiyo, Phagni alijisahau akauanza wimbo ule njiani. Sukwaro alikuwa ameachwa mbali nyuma, anafunga kamba ya kikapu chake. Shemeji Mkubwa alisimama. Hakugeuka. Aliuambia mti uliokuwa mbele yake, "Sauti ya mke wa mtu si kengele ya ng'ombe." Kisha akaendelea na safari, na wimbo ukaishia pale.

Walipofika chini ya mti kulikuwa na mwanga kidogo tu, ule wa kuonea mikono. Ardhi ilikuwa nyeusi, walikuwa wameichoma juzi ili maua yaonekane, na kisiki kimoja kilikuwa bado kinafuka moshi. Shemeji Mkubwa alizima tochi, akainama upande wa kichakani, mgongo kwa Phagni na ubavu kwa kichaka. Phagni akachutama upande wa pili wa shina, kama inavyotakiwa.

Alimwona Babu alipoinua kichwa kupumzisha shingo. Alikuwa anatoka kwenye kichaka taratibu, pua chini, anafyonza maua na kukoroma kwa raha, na juu ya mgongo wake, amejishika kwenye manyoya, alikuwapo mtoto. Si Babu, basi, ni Bibi. Hakuwa amemwona mtu. Alikula akisogea, akisogea akila, na kila hatua ilimleta kwa Shemeji Mkubwa aliyekuwa anaokota macho yakiwa chini.

Phagni alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alitafuta neno, na maneno yote yaliyokuja yalikuwa ya haramu. Akainua mkono akatikisa bangili zake za kioo, mara moja, halafu mara ya pili kwa nguvu. Shemeji Mkubwa alisikia. Phagni alijua amesikia, kwa sababu mabega yake yalikakamaa, naye kama mtu mwenye adabu zake akazidi kumpa mgongo, akasogea hatua mbili mbali naye, moja kwa moja kwa dubu.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Dubu alishtuka, akasimama kwa miguu miwili, kile kipande cheupe cha kifuani kikaonekana, akampiga usoni. Hapo ndipo sauti ya Phagni ilipotoka. Alipiga ukelele hata wa kisimani walisikia, akang'oa kijiti chenye moto kwenye kisiki akamwendea dubu nacho mbio, ushungi umeanguka, na dubu akageuka na mwanawe wakaingia kichakani. Shemeji Mkubwa alikuwa amelala juu ya maua, na taya lake halikuwa mahali pake.

*

Wanaume walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, na kutoka hapo gari la mizigo likampeleka hospitali ya mjini. Sukwaro alikwenda naye, na homa yake hivyo hivyo.

Kwa siku tatu Phagni alikuwa shujaa. Wanawake walikuja uani kumsikiliza mama mkwe akisimulia jinsi mkwewe alivyomfukuza Babu kwa ukuni. Kila aliposimulia ukuni ulirefuka. "Huyu ni mtoto mdogo, lakini ana ini," alisema, na jioni alimpakulia samli kwenye wali, kijiko kizima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

Siku ya nne akaja askari wa misitu na kitabu chake. Mtu akijeruhiwa na mnyama kuna maelezo ya kuandikwa, na aliyeona alikuwa mmoja. Kwa kuwa askari ni mwanamume na uani pamejaa wazee, Phagni alikaa nyuma ya pazia la mlango, na mama mkwe akakaa kizingitini kumpokelea maneno.

"Dubu alikuwa peke yake?" askari aliuliza.

Phagni alijibu.

"Anasema alikuwa na mtoto mgongoni," mama mkwe akasema.

"Nimemsikia, mama. Pazia si ukuta."

"Mimi nakwambia anavyosema."

"Haya. Ulipomwona mara ya kwanza alikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka zizini," Phagni alisema.

"Anasema kutoka hapa..."

"Mama, tafadhali." Askari akaandika. "Na shemeji yako alikuwa amekwisha kumwona?"

"Hapana. Alikuwa ameinama."

"Ukapiga kelele."

Askari alisubiri, kalamu juu ya karatasi.

"Binti, naandika hapa. Ukapiga kelele?"

"Nilitikisa bangili," Phagni alisema.

Safari hii mama mkwe hakurudia. Askari aliinua uso akalitazama pazia, kisha akawatazama wazee. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mazoea ya kusema aliyotumwa kusema. "Kila mwaka tunapita kuwaambia," alisema. "Dubu haoni vizuri, na akila hasikii. Akishtukizwa karibu ndipo anarukia uso wa mtu. Akipigiwa kelele kutoka mbali anakwenda zake, hana kesi na mtu. Mbali kama kutoka hapa mpaka zizini, angekwenda zake." Akafunga kitabu, akaomba maji, akaondoka zake kwa pikipiki. Aliyoyaacha pale uani hakuyajua.

Wageni walipotawanyika mama mkwe alivuta pazia.

"Kutoka hapa mpaka zizini," alisema. "Hapo mtu anaimba beti mbili."

"Mama, ulinifunza wewe mwenyewe. Siku niliyoingia nyumba hii uliniambia sauti yangu ikisikika kibarazani utanikata ulimi."

"Nilisema kibarazani. Nilisema msituni?"

Jioni ile wali ulikuja bila samli.

*

Habari ilitembea haraka, maana haikuwa na mzigo. Kisimani walimpa jina. "Bibi Bangili, tutikisie basi, tujue kama ndoo imejaa," alisema mke wa fundi baiskeli, na wenzake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Wawili kati ya waliocheka walikuwa na mashemeji wakubwa wasiowasemesha. Phagni aliwatazama akajua kwamba hata wao wangetikisa bangili, akaumia zaidi.

Mumewe alipiga simu kupitia simu ya jirani. Jirani aliweka sauti ya juu kwa sababu, alisema, kipaza sauti cha sikioni kimeharibika. Ua mzima ukasikiliza.

"Ulikuwa na mdomo," mumewe alisema. "Siku ile ulikuwa umemwazima nani?"

"Ningemwita nani? Ningemwita kwa jina gani?"

"Usiniulize mimi, mimi sikuwepo. Kaka yangu anakunywa uji kwa mrija, Phagni. Taya wamelifunga kwa waya. Unajua aliuza ng'ombe wake ili nikuoe?"

"Najua."

"Basi Mama ataamua. Atakavyosema, mimi ni hivyo hivyo."

Phagni aliirudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya watu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na usiku ule aliona aibu mpaka ya pumzi yake. Kurudishwa kwao si safari ya mlima mmoja. Mwanamke anayerudishwa kwa kuwa alimtazama shemejiye akiraruliwa haolewi tena kwa ng'ombe wala kwa mbuzi, na alikuwa na wadogo zake wawili wa kike ambao habari hiyo ingewatangulia mlangoni kwa wachumba.

Neno la kujitetea alikuwa nalo moja. Alikatazwa. Aliyemkataza alikuwa mmoja, na waliosikia makatazo yale walikuwa yeye Phagni na mti.

*

Shemeji Mkubwa alirudi siku ya kumi na mbili, kichwa kizima kitambaa, macho tu na tundu la mrija. Alikaa kwenye baraza yake ya mbele na kikombe cha shaba, akitaka kitu anagonga kikombe. Jemadari alifungwa karibu na mguu wake. Hakumtazama Phagni, lakini hakuwa amemtazama tangu zamani, kwa hiyo haikujulikana kama ni adabu au hasira. Sukwaro ndiye aliyetazama kwa niaba ya wawili. Alipopishana na Phagni uani alikusanya nguo yake ili isiguse.

Siku iliyofuata mzee Birju, mkuu wa kijiji, alikuja na wazee wanne, wakakaa barazani jua likiwa bado juu. Phagni aliketi chini pembeni, ushungi mpaka kidevuni.

"Tumekuja kwa neno moja," alisema Birju. "Mama wa nyumba anataka binti arudi kwao. Mama, sema."

"Sina mengi," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko ukali wake. "Nimezaa wawili. Mmoja yuko kwenye moto wa matofali, mwingine ndiye huyo hapo, hawezi kutafuna. Siwezi kulala nyumba moja na mtu aliyeona akanyamaza."

"Binti, una la kusema? Mwambie mama akufikishie."

"Simfikishii," mama mkwe alisema.

Basi Phagni akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo, kichwa chini. Alieleza wimbo, alieleza mti ulioambiwa maneno, alieleza bangili mara ya kwanza na mara ya pili, na mabega yaliyokakamaa.

Birju alimgeukia mgonjwa. "Wewe usiseme. Tikisa kichwa tu. Ulimkataza sauti njiani?"

Shemeji Mkubwa alitazama vidole vya miguu yake.

"Bangili ulizisikia?"

Mkono wake ulipanda mpaka kwenye kitambaa cha shavu, ukakaa pale. Kichwa hakikwenda juu wala upande. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya kile kilikaa tu kikaoza, na kila mtu akageuza macho.

"Kimya cha mgonjwa hatuwezi kukiandika," alisema Birju. "Wala hatumlazimishi."

"Angeita," Sukwaro alisema kutoka mlangoni. "Bangili hazikutosha, angeita."

"Angemwita nani?" mzee mmoja akauliza, akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kikao kiishe. "Hilo ajue mwenyewe. Binti, kafunge nguo zako."

Phagni alisimama. Walidhani anakwenda kufunga nguo. Alifika katikati ya ua, kiasi cha kutoka zizini mpaka barazani, akageuka, akajaza kifua.

"Dhansai!"

Shemeji Mkubwa aligeuka. Hakufikiri; aligeuka kama mtu yeyote anavyogeuka akiitwa jina lake, kichwa na mabega pamoja, hata waya zikamvuta taya na machozi yakamtoka. Macho yake yalimwangukia Phagni moja kwa moja usoni, maana ushungi ulikuwa umeteleza, na kwa mara ya kwanza tangu harusi wale wawili walitazamana. Mama mkwe alijipiga kifuani.

"Ningeita hivyo," Phagni alisema. Hakuuvuta ushungi. "Na angegeuka hivyo hivyo mlivyomwona. Leo mngekuwa mmekaa hapo hapo mnanihukumu kwa kutaja jina lake, naye angekuwa amekaa hapo na taya lake, amekasirika kuliko nyote."

Mzee Birju alichezea fimbo yake chini. Alichora mstari, akaufuta kwa kisigino. Wale wanne walisubiri, na ilionekana kila mmoja anafikiria mke fulani wa mdogo wake.

"Kwa lile la msituni, hana kosa," alisema hatimaye. "Kwa hili la hapa, ametaja jina, tena mbele ya wazee. Mila ni mila. Atatoa jogoo mmoja na nazi, tulisafishe jina la mwenyewe. Nani anamtolea? Mume hayupo."

Phagni hakuwa na kuku. Kuku wote wa ua ule walikuwa wa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anatazama paa la zizi. Jirani mwenye simu alikohoa. Aibu ile, ya kuwa ameshinda na bado hana wa kumtolea kuku, ndiyo iliyomliza Phagni. Yale mengine yote hayakuwa yamemtoa chozi.

Dhansai akainuka. Aliinama kwa taabu, akafungua kamba iliyofungwa kwenye nguzo, akamkumbatia Jemadari.

"Si huyo," Sukwaro alisema. "Chukua yule mweupe. Si huyo."

Alimpita. Alimweka Jemadari mbele ya mzee Birju, akaikanyaga kamba ili jogoo asitoroke. Kisha akainua mkono wake wa kulia, mkono mtupu usio na bangili, akautikisa karibu na sikio lake. Mara moja. Halafu mara ya pili, kwa nguvu.

Sukwaro ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa chini pale pale mlangoni akajifunika uso.

*

Kesho yake hakuna aliyewika. Nyumba nzima ilipitiwa na usingizi, na walipoamka jua lilikuwa limekwisha kufika kwenye ukuta wa zizi. Mama mkwe alitoka akinung'unika: maua yote yameliwa, msimu umekwisha, jogoo wa rupia zote zile ameingia tumboni mwa wazee wasio na meno. Alichukua kikapu hata hivyo. Sukwaro alitoka na chake. Hakusema na Phagni, lakini hakukusanya nguo.

Kwenye mdomo wa njia Phagni alisimama pembeni kuwapisha, kama siku zote.

"Tangulia," mama mkwe alisema.

"Mimi, Mama?"

"Kuna Phagni mwingine? Tangulia. Na usinong'one, mimi magoti yangu hayawezi kukimbia."

Phagni alitangulia. Sauti ilitoka mbaya mwanzoni, imekwaruza, maana mwaka mzima ilikuwa haijamaliza wimbo. Babu, pisha njia, wajukuu tuna njaa. Kwenye ubeti wa pili ilinyooka kidogo. Chini ya mti walikuta nyayo za mkubwa na za mdogo zimepita zamani, na maua yaliyobaki hayakutosha nusu ya vikapu.

Dhansai alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha shaba. Kutoka pale mtu aliweza kumsikia Phagni njia nzima mpaka mtini, hata zile beti za matusi, na kikombe hakikugongwa.